Serikali inamwogopa mwajiri

Hii habari inauliza mbona Marekani ina sheria kali za uhamiaji na bado mamilioni wanaishi huko bila vibali, mimi naona jibu liko kwa mwajiri jamani. Tangu 1986, Rais Reagan aliposaini ile sheria iliyohalalisha watu karibu milioni 2.7, ni kosa kumwandika kazi mtu ukijua hana kibali. Lakini mwajiri akionyeshwa karatasi inayokaa ya ukweli basi amemaliza, na kuthibitisha alijua ni kazi ngumu. Nani atavuna matunda California? Hakuna mwanasiasa anataka hao wenye mashamba wamnunie.

Hapa kwetu Nairobi niliona Eastleigh Aprili 2014, ule msako wa polisi wa kutafuta wageni wasio na vibali, watu wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Nilikuwa nauza chai karibu na Garissa Lodge, nimezoea kumaliza chupa nne kabla ya saa nne asubuhi, wiki hiyo hata moja ilinilalia, maduka yamefungwa, watu wa mkokoteni wamekaa tu hawana mzigo na kodi ya nyumba inangoja. Tuliumia hata sisi wenye vitambulisho. Na yule asiye na kibali akinyimwa mshahara anaogopa hata kwenda kushtaki, hiyo ndio inaniuma zaidi.