Taazia ya Kiamu na mkono wa mashine

Msiba ulipotufika hapa Lamu mwaka jana, mpwa wangu alitaka kumpelekea taazia mwana wa ami yake aliyeko Jeddah, aliyefiwa na babake. Mpwa wangu ni msichana wa kidato cha nne na simu ndiyo kalamu yake. Aliiambia programu ya akili mnemba anachotaka, ikamletea: "Tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kifo cha mpendwa wetu. Ameacha pengo lisilozibika." Sarufi haina kasoro. Jibu likaja: "Ahsanteni nyote."

Nyote. Aliyeandika ni mmoja, akajibiwa kana kwamba barua imetoka ofisini. Jioni ile dadangu, mamake huyu binti, akamtumia kijana yule yule sauti isiyozidi nusu dakika, kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu: "Mwanangu, Mngu metwaa amana yake. Sisi sote tu ndiani." Kijana akapiga simu hapo hapo, wakalia pamoja.

Tangu siku ile nalipima jambo hili, na sitaki kuwaonea wanaotumia programu hizi. Jirani yangu ni nahodha, hupeleka watalii Manda Toto. Kiingereza cha kusema anacho, cha kuandika kinamtatiza. Zamani mgeni akiuliza bei, alingoja mwanawe atoke shule ndipo ajibu, na wageni hawangoji. Sasa anasema Kiswahili kwenye simu, anapata barua ya Kiingereza, anaituma. Sioni alichopoteza. Mgeni anataka kujua bei na saa ya maji kujaa. Maombi ya basari na barua za kaunti ni hivyo hivyo.

Tena kuazima mkono wa mwenzio si jambo geni kwetu. Watu wamewaendea malenga tangu zamani wawatungie mashairi ya arusi na ya siasa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtunzi, fundi wa nakshi na mwandishi wa hati. Alinakili tendi za wengine kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, na miswada yake ingaliko London. Kwa hiyo anayesema kwamba kila aliyeandikiwa amejisaliti, hajaitazama vizuri historia yetu.

Lakini malenga huuliza. Bibi arusi ni mwana wa nani? Wakaa mtaa gani? Nyanyake yu hai? Na shairi likiwa bovu, anayesutwa barazani ni yeye. Programu haisutwi. Imefunzwa kwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa ya Kiingereza, na kazi yake ni kukisia neno linaloelekea zaidi kufuata jingine. Linaloelekea zaidi ni lile lililokwisha kusemwa na wengi, ndiyo maana kila marehemu ameacha pengo lisilozibika.

Kiswahili ilichokisoma nacho ni cha magazeti na vitabu: Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, kama ilivyokubaliwa kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Nilijaribu mwenyewe. Niliandika aya moja ya Kiamu nikaiomba inirekebishie alama za uandishi tu, nukta na mikato. Ndia ikawa njia. Moya ikawa moja, mato yakawa macho, yeo ikawa leo. Haikuniuliza kitu. Ilichokiona ni makosa.

Haki itendeke: si mashine iliyoanza. Walimu wetu walipitisha kalamu nyekundu chini ya maneno hayo hayo. Ila mwalimu mamlaka yake yaliishia daftarini, na barua tulizowaandikia mama zetu ziliendelea kuwa za Kiamu. Programu inaingia mpaka kwenye salamu za Idi na pole za msiba, mahali ambapo hakuna mtihani wala mtahini. Hili ndilo linaloniuma. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alikuwa akisema na bintiye Mwana Hashima. Alimwambia "upulike", yaani usikilize, kwa lugha ya nyumbani mwao, na mpaka leo anayeusoma anamsikia mama.

Wako wanaonijibu kwamba kijana asiye na wa kumsomea insha usiku sasa amempata. Ni kweli, na insha za mpwa wangu zimenyooka. Mimi niliyeandika miaka mingi, programu ikinigeuzia sentensi naona mara moja palipotoka sauti yangu, nairudisha. Yeye bado hajajua ipi ni yake. Ataijua kwa kuandika vibaya, kufuta na kuandika tena, na kazi hiyo ndiyo anayopunguziwa. Hapo ndipo ninapoegemea: barua ya mtu anayengoja taarifa sioni ubaya ikaandikwa na mashine. Mtu anayekungoja wewe, mwandikie mwenyewe, hata kama ni mistari miwili yenye makosa.

Nilimwambia hivyo, hakunijibu. Lakini juzi alinijia na beti mbili za arusi ya rafiki yake, alizotungiwa na programu. Tukahesabu mizani kwa vidole. Kipande cha kwanza nane, cha pili kumi na moja, na jina la bibi arusi limekatikia katikati ya kituo. Akachukua penseli na karatasi, akaketi barazani na nyanyake. Amefika mshororo wa tatu. Kina cha kati bado kinamsumbua, na nyanyake amempa maneno manne ya Kiamu ayajaribu.