Inchi 3 za Nini?

Jumamosi nilipita kwa fundi wangu wa ekzosi (bomba la moshi wa gari) kule Mabatini, nikakuta Mercedes SLK 230 Kompressor imepandishwa jeki, matairi ya mbele yamezuiwa kwa mawe (Mwanza hatujawahi kukosa mawe). Mwenye gari, kijana anayelingana na mdogo wangu wa mwisho, amekumbatia bomba la inchi 3 kama mvuvi aliyepata sangara wa kupigia picha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hilo bomba la nini?"

"La kuipa gari pumzi. Vijana wa Subaru wote wanaweka tatu."

Nilimwambia pale pale, na sasa naliandika ili nisilirudie kila Jumamosi: gari la supachaja (pampu ya kuisukumia injini hewa) halifungwi bomba kwa kuiga gari la tabo.

Subaru za hao vijana zina tabo, yaani feni ya kuisukumia injini hewa inayozungushwa na moshi wenyewe. Moshi ukishapita pale mapigo yake yamevunjika, na kilichobaki ni kuutoa nje upesi, maana presha ikipungua baada ya feni, feni inazunguka kwa wepesi zaidi. Kwao bomba pana lina kazi. Supachaja ya SLK inazungushwa na mkanda kutoka puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini), imekaa upande wa hewa safi, na moshi wala hauna habari nayo. Moshi unatoka kwenye silinda kwa mapigo, na pigo linalotangulia linasaidia kulivuta linalofuata. Ukiutupa kwenye bomba kubwa kupita kiasi unatembea kivivu, unapoa njiani, na kule kuvutana kunafifia.

Kuna na wale wa upande wa pili, wanaosema injini lazima ikabwe kidogo ndiyo iwe na nguvu. Hao nao wamepotea. Injini haitaki kukabwa, inataka moshi uende kwa kasi. Tena injini ya supachaja ukiikaba unaiweka pabaya zaidi: moshi wa moto unabaki kwenye silinda, hewa mpya iliyosukumwa kwa presha inaingia ikakutana nao, joto linapanda, na injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanajilipukia ovyo ndani ya silinda.

Haya, hesabu. Watu wanasikia "nusu inchi" wanadhani ni kitu kidogo. Bomba la inchi 2.5 lenye unene wa milimita 1.5 lina nafasi ya ndani ya sentimita za mraba 28.7 hivi. La inchi 3 lina 42. Umeongeza karibu nusu nzima, kwa hiyo moshi uleule utapita kwa theluthi mbili tu za kasi yake. Kanuni ya zamani ya mafundi wa magari ya mashindano ni kwamba kila inchi ya mraba ya bomba inapitisha futi za ujazo 115 kwa dakika, na kila farasi mmoja wa injini (kipimo cha nguvu) anahitaji futi kama 2.2. Piga mwenyewe: inchi 2.25 inafika farasi 180 na kidogo, inchi 2.5 kama 230, inchi 3 zaidi ya 330. SLK 230 ya mwanzo ilitoka kiwandani na farasi 193. Hao 330 kijana atawatoa wapi?

Mtu makini ataniuliza kwa nini basi nisichukue 2.25, maana 180 na 193 si mbali. Kwa sababu ya mkanda. Supachaja inakula nguvu ya krenki kabla haijafika kwenye magurudumu, ila mafuta ya kuzalisha nguvu hiyo yamechomwa na moshi wake lazima utoke. Gari la supachaja linatoa moshi mwingi kuliko farasi wanaoandikwa kwenye karatasi. Ndiyo maana nasema 2.5, na kwa mwenye mpango wa kubadilisha puli baadaye ili supachaja izunguke kasi zaidi bado ataikuta inatosha.

Na msiniletee habari ya mwinuko. Ni kweli ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Lakini ni nyepesi ndani ya bomba na nje ya bomba pia, na injini inameza ujazo uleule. Saizi ya Dar ndiyo saizi ya Mwanza.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kufunga inchi 3 mwenyewe, kwa fundi mwingine. Sikupoteza nguvu nyingi, niseme ukweli. Nilichopoteza ni utulivu: ukifika kilomita 90 kwa saa njia ya Magu gari linavuma kama nyuki wamehamia kwenye buti. Na matuta! Bomba nene linaning'inia chini, kila tuta la Buhongwa lilikuwa linanidai. Kisha geji ya msukumo wa hewa ikaanza kusoma chini kuliko mwanzo, nikashtuka kwamba supachaja inakufa, nikanunua mkanda mpya bure. Kumbe hewa ilikuwa inapita kwa urahisi zaidi ndiyo maana haikujazana. Geji ya presha inakuonyesha kilichokwama, haikuonyeshi kilichopita.

Mahali pa kuweka pesa ni kwenye kona. Mashine nyingi za kukunja bomba huku zinalibonyeza: unalipia 2.5, kwenye kona unabaki na 2. Fundi wangu anatumia njia ya wazee. Anashindilia mchanga mkavu ndani ya bomba, anaziba ncha kwa vigingi vya mti, anapasha moto kwa gesi mpaka linakuwa jekundu, halafu analivuta polepole. Kona inatoka mviringo vilevile. Mchanga wa ziwani anaukaanga kwanza kwenye karai, maana unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, kigingi kinaruka kama risasi. Inachukua nusu siku, na vijana hawana nusu siku.

Kabla ya yote hayo, pima. Fungua sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega (kichujio cha moshi chenye vitundu kama sega la nyuki), funga pale kipande cha mrija wa shaba chenye geji mwishoni, tafuta barabara tupu, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Ikisoma chini ya psi 2 (psi ni kipimo cha presha), mimi bomba silikati. Ikizidi, angalia masega kwanza. Mara nyingi ni masega yaliyoyeyuka, na bomba linasingiziwa.

Kijana alipima. Ilisoma 5. Masega.

Bomba lake la inchi 3 duka lilikataa kulirudisha. Jana nimelikuta kwa mama lishe wa jirani na gereji, limesimamishwa juu ya jiko la kuni, linatoa moshi vizuri kabisa.