Fobia: tunauliza ilianzaje, tunasahau kinachoiendeleza

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo wengi tunavyoielewa fobia, ile hofu kali iliyozidi kiasi ya kitu fulani: kulikuwa na tukio, hofu ikabaki. Ushahidi unaotajwa sana ni wa mwaka 1920, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walipogonga chuma kwa nyundo nyuma ya mtoto wa miezi 11 kila alipomgusa panya mweupe. Muda si mrefu panya peke yake alitosha kumliza, na hofu ikasambaa hadi kwa sungura na koti la manyoya. Mtoto yule aliondoka bila kutibiwa, kosa lisilo na utetezi.

Basi mtu akisema ana fobia, swali la kwanza huwa: nini kilikupata? Si swali baya. Aliyeshambuliwa na mbwa anastahili kusikilizwa, na kujua hofu ilikotoka humpunguzia aibu. Lakini wapo wengi wasiokumbuka tukio lolote. Huko Dunedin, Nyuzilandi, watafiti waliofuatilia watoto kwa miaka mingi walikuta kwamba kuanguka na kuumia kati ya miaka 5 na 9 hakukuzaa hofu ya kimo ujanani. Waliofika miaka 18 bila hofu hiyo ndio walioanguka zaidi utotoni. Naye mwanasaikolojia Susan Mineka na wenzake walionyesha kuwa kima waliokulia maabara huanza kumwogopa nyoka kwa kumtazama tu mwenzao akiogopa. Video ilipohaririwa ili mwenzao aonekane anaogopa maua, hofu hiyo hawakuiokota. Milango ya kuingilia ni mingi: kuumizwa, kuona, kusimuliwa, na pengine maumbile.

Kwangu mimi swali zito liko kwingine. Kwa nini hofu haiishi, ilhali mtu huyu hukutana na mbwa wapole mwaka mzima? Jibu la mwanasaikolojia O. H. Mowrer, mwaka 1947, bado halijapitwa. Mtazame anayeogopa mbwa. Anamwona kwa mbali, kifua kinabana, anavuka barabara. Hatua chache tu, moyo unatulia. Nafuu ile ndiyo mshahara wake, na hulipwa papo hapo. Hapati nafasi ya kujifunza kwamba mbwa asingemfanya kitu. Anachojifunza ni kwamba amepona kwa sababu alivuka. Kesho atavuka mapema zaidi. Huu si ulegevu wa moyo wala kukosa akili, maana mwenyewe anajua vizuri kuwa hofu yake imezidi kiasi. Anafanya kitu ambacho kila mara kimempa ahueni.

Ndiyo maana matokeo ya mwanasaikolojia Lars-Göran Öst ya mwaka 1989 hayanitoki kichwani. Wagonjwa 20, kila mmoja akipewa kikao kimoja cha kukikabili anachokiogopa hatua kwa hatua, kwa wastani wa saa 2.1. Baada ya miaka 4 kwa wastani, asilimia 90 walikuwa wamepata nafuu kubwa au wamepona kabisa. Ni kundi dogo, lisilo na kundi la kulinganishia, na fobia zao zilikuwa za kitu kimoja mahususi. Nimeyapima yote hayo. Hata hivyo, saa mbili! Mtu amepanga maisha yake kuzunguka buibui kwa miongo, kisha kinachomfungua ni mchana mmoja, bila chanzo kuwa ndicho kitovu cha tiba.

Wanaoipinga tiba hii husema ni ukatili, na wana haki wakiwa wanazungumzia mtu anayeburutwa. Kumrushia mtu kile anachokiogopa kwa mzaha si tiba. Mwanasaikolojia Mary Cover Jones, mwaka 1924, alimsogeza sungura kidogo kidogo huku mtoto Peter, aliyemwogopa sungura, akila chakula anachokipenda. Pia hofu iliyotulia inaweza kurudi mahali pengine, kwa kuwa somo jipya halifuti la zamani, linashindana nalo. Kwa hiyo mazoezi yafanyike sehemu mbalimbali. Na wanaozimia wakiona damu hufundishwa kwanza kukaza misuli, ili shinikizo la damu lisishuke.

Wanaonihuzunisha zaidi ni ndugu wenye upendo. Mama anayemfungia mbwa kila mtoto wake anapopita, mume anayepanda ngazi zote ghorofani ili mkewe asiingie kwenye lifti. Wanalipa mshahara ule ule. Wangesaidia zaidi wakisimama naye mlangoni pa lifti, akiwa amekubali mwenyewe, mpaka kifua kitulie bila kuondoka.