Kiatu cha mtumba si adui wa kwanza wa mguu wa mtoto

Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, onyo lile lile hurudi: usimvalishe mtoto kiatu kilichokwisha kuvaliwa na mwingine. Sababu hutolewa mbili. Kwanza, kiatu hufuata umbo na mwendo wa mwenyewe wa kwanza, hivyo wa pili anakanyagia alama za mtu asiyemjua. Pili, fangasi na vimelea vingine hubaki ndani. Raba za watoto zinapomwagwa kwenye turubai pale Mwanjelwa, Mbeya, onyo hilo linaingia akilini, na sehemu yake ni kweli. Shida ni kile anachonunua mzazi baada ya kuogopeshwa.

Ushauri huu husikika sana Uingereza, ambako duka la viatu vya watoto hupima urefu na upana wa miguu yote miwili kabla ya kuleta boksi. Kwetu swali ni moja: "Anavaa namba ngapi?" Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Mguu wa mtoto wa miaka sita hukua karibu sentimita 1 kwa mwaka. Namba moja ya kiatu kwa vipimo vya Ulaya ni kama milimita 6.7, kwa hiyo mwaka mmoja unamaliza namba moja na nusu. Chini ya miaka mitatu kasi ni kubwa zaidi. Ukinunua Januari kiatu chenye nafasi ya sentimita 1.2 mbele ya kidole kirefu, ikifika Agosti imebaki kama nusu sentimita tu, na mguu hurefuka kidogo unapobeba uzito. Mzazi mwenye hela ya jozi moja mpya anaijua hesabu hii hata bila rula. Anasema "atakua navyo" na kupandisha namba mbili.

Namba mbili ni sentimita 1.3 zaidi ya nafasi inayohitajika. Jumla mtoto anabeba uwazi wa sentimita mbili na nusu. Mtazame akiteremka kwenda shule kutoka mitaa iliyo chini ya mlima Loleza: mguu unateleza mbele, kucha zinagonga, kisigino kinapanda na kushuka hadi kinatoa malengelenge. Ili kiatu kisimtoke, anakunja vidole kila hatua. Gazeti linalosokomezwa mbele halimsaidii. Likilowa masika linashindiliwa na kuwa gumu, na vidole vinabaki vimejikunja. Hicho ndicho kiatu kipya, kile kinachosifiwa kuwa salama. Kama ni cha plastiki iliyomiminwa, hakitoi jasho, na baridi ya Juni na Julai hukikaza zaidi hata soli haipindi.

Hesabu hiyo hiyo ya kukua inautetea mtumba. Mtoto anayebadilisha viatu kila baada ya miezi michache mara nyingi huviacha kwa kuwa vimembana, soli ingali nzima. Na fedha ya jozi moja mpya, kwa anayejua kuchagua, inaweza kutoa jozi mbili zinazomtosha, Januari na katikati ya mwaka.

Lakini ajue kuchagua kweli. Kiweke kiatu mahali bapa, ukitazame kwa nyuma. Soli kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida. Kisigino kilicholala upande, kiache. Bonyeza ukuta wa kisigino kwa vidole viwili: ukibonyea kirahisi, umechoka. Kipinde, kijikunje pale vidole vinapojikunjia. Kinachokunjika katikati ya unyayo hakina msaada. Chimba soli kwa ukucha. Raba zilizokaa miaka ghalani huonekana mpya, kumbe unyevu umekwisha kulivunja povu la soli. Linameguka unga, na gundi ya fundi haina pa kushika.

Kisha ng'oa soli ya ndani. Alama za vidole vya mwenyewe wa kwanza utaziona hapo. Kama shimo limeishia kwenye soli hiyo, unaitupa na kukata nyingine. Kama limezama hadi chini yake, rudisha kiatu. Kabla ya kuitupa, mtoto asimame juu yake, alasiri miguu ikiwa imejaa, amevaa soksi za shule. Mbele ya kidole kirefu ibaki sentimita 1 hadi 1.5, na nyama isizidi pembeni. Pima miguu yote miwili, fuata mkubwa. Namba iliyoandikwa isikubabaishe: mtumba huchanganya vipimo, na 12 ya watoto ya Uingereza ni karibu 30 au 31 ya Ulaya.

Fangasi wa miguuni huwapata watoto wasiobalehe mara chache kuliko watu wazima, ila tahadhari haigharimu kitu. Osha kwa sabuni, toa kamba, fungua ulimi, kausha juani siku mbili tatu hadi ndani kabisa. Usiviweke karibu na jiko, gundi itaachia.

Kwa watoto wengine, wanaoupinga mtumba wana haki. Mtoto anayejifunza kutembea hahitaji buti ngumu la mtumba. Ndani ya nyumba safi apite peku, nje avae kiatu laini. Mtoto anayechechemea, anayelalamika maumivu, au ambaye soli zake hulika upande mmoja ndani ya wiki chache apelekwe hospitali kabla ya sokoni. Unyayo bapa peke yake kwa mtoto wa chini ya miaka sita haupaswi kumtia mtu hofu: mwambie asimame kwa ncha za vidole, na uvungu ukijitokeza, ni mguu wa kawaida. Usipojitokeza, au mguu ukiwa mgumu, hilo nalo ni la daktari.

Kuna kikwazo kimoja cha kweli: shule nyingi hutaka viatu vyeusi, na belo halichagui rangi. Ngozi fundi anaipaka vizuri, lakini kitambaa kikipakwa hukakamaa na kupasuka pale pa kujikunja. Kwa hiyo kiatu cheusi cha ngozi ukitafute mapema, na upime tena likizo ya Juni kabla shule hazijafunguliwa Julai, hata kama mtoto hajalalamika. Wengi hawalalamiki.