Gemu za DOS Mkononi: Kioo Kinatosha, Vidole Je?

Tangu Valve, kampuni ya gemu ya Marekani, waanze kuuza Steam Deck mwezi Februari 2022, wapenzi wa gemu za zamani za kompyuta hawajaacha kubishana. Kuna wanaosema hiki ndicho kifaa walichokuwa wakikingoja: kompyuta kamili ya kushika kwa mikono miwili, inayotumia Linux, na inayobeba gemu za DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) na za Windows 98 bila kutoa jasho. Wengine wanajibu kwamba gemu iliyotengenezwa kuchezewa mezani, kwa kibodi na mausi, hupoteza utamu ukiibana kwenye kioo cha inchi 7 hivi. Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Kosa ni kuzungumzia "gemu za zamani" kana kwamba zote ni za aina moja.

Nguvu ya mashine haina mjadala. DOSBox, emuleta (programu ya kuigiza mashine nyingine) iliyoanza kutolewa mwaka 2002, inaigiza kompyuta nzima ya enzi zile, kuanzia prosesa hadi kadi ya sauti. Na kuna mahali inaishinda hata mashine halisi. Wing Commander ya mwaka 1990 ilitegemea kasi ya prosesa kuamua mwendo wa ndege zake za anga za juu. Aliyekuja kununua kompyuta ya prosesa ya 486, yenye kasi zaidi, alikuta adui anapita mbele yake kwa kasi ambayo hakuna mkono ungeweza kumlenga. Kwenye DOSBox unapunguza idadi ya saikoli za prosesa hatua kwa hatua, mpaka mapigano yarudi kwenye mwendo waliokusudia waliotengeneza gemu.

Kioo nacho kina jambo la kuvutia, na hapa wengi wanateleza. Gemu nyingi za DOS zilichorwa kwa pikseli (nukta za picha) 320 kwa 200. Kioo cha Steam Deck kina 1280 kwa 800, yaani mara nne kamili, kwa upana na kwa urefu. Ukiiona hesabu hiyo unashawishika kujaza kioo chote. Usikijaze. Vioo vya miaka ile vilikuwa vya uwiano wa 4:3, kwa hiyo kila pikseli ilionekana ndefu kidogo kuliko upana wake. Ukitanua picha ifike kingo zote, duara linageuka yai na nyuso za watu zinafura mashavu. Washa marekebisho ya uwiano, picha ichukue takriban 1067 kwa 800, na ukubali mistari myeusi pembeni. Ni kweli kwamba hapo pikseli hazigawanyiki sawasawa, na mwenye jicho kali ataona safu moja ni nene kuliko jirani yake. Bado naona ni afadhali hivyo kuliko kumpa mhusika umbo ambalo hakuchorwa nalo.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kwenye kitufe cha kuwasha. Ukikibonyeza katikati ya gemu, kifaa kinalala. Ukikibonyeza tena, unaendelea pale pale ulipoishia. Gemu za miaka ya 1990 zilimdai mtu saa nzima za kukaa kitini, na waliozicheza utotoni sasa wana kazi na watoto. The Secret of Monkey Island, ya 1990, inachezeka kwa vipande vya dakika kumi kwenye foleni ya benki. ScummVM, programu ya kuendesha gemu za zamani za aina hiyo, inaiendesha bila shida, na padi ya mguso inafanya kazi ya mausi vizuri kabisa. Doom ya 1993 ni hivyo hivyo, maana kutembea na kufyatua risasi kunaingia kwenye vijiti na vitufe kana kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kwa kuwa gemu hizi hazichoshi prosesa, betri nayo inadumu kuliko kwenye gemu za sasa.

Lakini chukua Falcon 4.0 ya mwaka 1998, ya kurusha ndege ya F-16. Ilikuja na kitabu kinene cha maelekezo, na karibu kila herufi ya kibodi ina kazi yake. Steam Deck imeongezwa vitufe vinne mgongoni na inakuruhusu kutengeneza menyu za kugusa, ila utatumia jioni nzima kupanga amri, kisha utazisahau ndege ikiwa hewani. Na Age of Empires II ya 1999, ya mikakati ya vita? Inawaka, inachezeka, na inakera. Wanakijiji wanakuwa wadogo kama mchele, na kugawa majeshi kwa Ctrl na namba ndio moyo wenyewe wa mchezo ule. Toleo lake jipya lilipopelekwa Xbox mwaka 2023, ilibidi waandae upya namna nzima ya kuuongoza. Emuleta haiwezi kukufanyia kazi hiyo, kwa sababu inaigiza mashine tu.

Kwa hiyo kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka hasa gemu za mikakati na za kurusha ndege, ushauri wangu ni kompyuta ya ofisi ya mtumba. Anayeagiza Steam Deck analipa bei ya kifaa, usafiri na ushuru, ilhali mashine ya mezani iliyotumika inaendesha DOSBox ile ile, ikiwa na kibodi na mausi yake.

Linalonisumbua zaidi ni haki za kumiliki. Steam Deck haina sehemu ya kuingiza CD. Hata ungekuwa nayo, gemu nyingi za miaka ya 2000 zilifungwa kwa SafeDisc, ulinzi wa kuzuia diski isinakiliwe, na Microsoft waliacha kuutumikia walipoleta Windows 10 mwaka 2015. Mwenye diski halali mkononi anajikuta anatafuta nakala iliyovunjwa kufuli. GOG, duka lililofunguliwa mwaka 2008, linauza gemu za DOS bila kufuli, nyingi zikiwa tayari zimefungashwa na DOSBox, na hapo ndipo pa kuanzia. Ila duka huuza tu kile ambacho mmiliki amekubali kiuzwe. The Operative: No One Lives Forever ya mwaka 2000 haiuzwi popote, kwa sababu haki zake zilitawanyika katika kampuni kadhaa. Nightdive, wanaojulikana kwa kufufua gemu za zamani, walijaribu kuzipata wakakwama.

Hiyo si gemu moja iliyopata bahati mbaya. Utafiti wa mwaka 2023 wa Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani. Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti gemu hizo kwa mbali, baada ya wenye kampuni kupinga wakihofia soko lao. Naielewa hofu hiyo kwa gemu ambayo bado inauzwa. Kwa gemu ambayo hakuna anayeiuza, sioni soko linalolindwa, na naona uamuzi ule ulikosewa.