Kardec asisamehewe kirahisi hivyo

Mwandishi umeeleza vizuri ila hapo uliposema Allan Kardec, yule Mfaransa mwanzilishi wa Uspiriti, alikuwa tu mtu wa zama zake kwa maneno yake ya kibaguzi juu ya watu weusi, mimi sikubali kabisa. Kitabu chake cha 1857 kilichoanzisha Uspiriti, yaani imani ya kuwasiliana na roho za wafu na kwamba roho huzaliwa upya, kinalaani utumwa waziwazi, hilo nampa, sasa mtu aliyeona hilo ikawaje 1862 kwenye jarida lake Revue Spirite aandike kwamba mtu mweusi kimwili atabaki vile vile, roho yake ndo itapanda lakini mpaka izaliwe upya kwenye mwili wa watu wengine?? Yaani alichukua ile elimu ya kusoma akili ya mtu kwa umbo la fuvu akaivika kanzu ya dini. Na madhara yake yakaonekana Brazili, nchi iliyofuta utumwa 1888 tu, kwenye vikao vya Waspiriti roho za wazee watumwa weusi zikahesabiwa ziko nyuma, hazina cha kufundisha, wakati Umbanda, dini ya Brazili iliyochanganya imani za Kiafrika, Ukatoliki na Uspiriti, imewapa wazee hao hao kiti cha heshima na watu wanapiga foleni kuomba ushauri wao. Inauma jamani. Wachapishaji wa maandishi ya Kardec waweke maelezo kuhusu maneno hayo palepale kwenye ukurasa husika, sio kunyamaza.