Sauti ya miaka 639 pale Halberstadt: tuongelee na jengo lenyewe

Kila noti ikibadilishwa kwenye ule muziki wa John Cage unaopigwa kanisani pale Halberstadt, Ujerumani, habari zinazozunguka ni zilezile, muziki mrefu kuliko yote duniani, atakayesikia mwisho wake hajazaliwa, watu wanacheka wanapita zao. Mi naona wanaionea hii kazi, maana wanaijadili kama vile inapigwa hewani, kanisa ilimowekwa hawaligusi kabisa.

Kwa ufupi, mwaka 1987 John Cage, mtunzi Mmarekani, aliandika ORGAN²/ASLSP kwa ajili ya kinanda cha mabomba, akaagiza ipigwe polepole iwezekanavyo, ila polepole kiasi gani hakusema, na 1992 akafariki. Halberstadt wakaamua miaka 639, kuanzia Septemba 5, 2001 mpaka 2640. Kinanda chenyewe ni kidogo, bomba linaongezwa noti mpya ikifika, upepo unasukumwa kwa umeme, na vibao vya kubonyezea vimekandamizwa kwa vifuko vya mchanga ili sauti isikatike. Walianza na kimya, noti za kwanza zikasikika Februari 2003.

Sasa hiyo 639 ndo watu wanaiita wazimu. Mji ule ulipata kinanda chake maarufu cha kanisani mwaka 1361, ukihesabu mpaka 2000 unapata 639, wakaichukua miaka hiyohiyo wakaielekeza mbele. Sawa, lakini mi nakwama kwenye hesabu nyingine. Kanisa la Mtakatifu Burchardi lilikuwa la monasteri, na masista wa shirika la kitawa la Kikatoliki la Citeaux walisali na kuimba mle kwa zaidi ya miaka 600, usiku wanaamka, alfajiri tena, jioni tena, wazee wanazikwa wasichana wanapokea zaburi zilezile, na hakuna sista hata mmoja aliyeshuhudia mwanzo na mwisho wote. Zaidi ya miaka 600 jamani, na hakuna aliyewaita wendawazimu! Kwahiyo kwa kuta zile muda huu sio kiroja, ni kipimo zilichokizoea, na kilichokatika 1810 monasteri ilipofungwa ndo hicho kimerudi, japo bila sala.

Wanaopinga nao wana hoja zao. Majirani walilalamika kelele, na kweli noti moja mfululizo miezi na miezi inachosha, ndo maana kinanda kikafunikwa kwa kisanduku cha plastiki angavu. Kuna na la hela, mji uliolipuliwa kwa mabomu Aprili 1945 ukateketea sehemu kubwa, alafu ukapitia miaka ya Ujerumani Mashariki, una mengi ya kujenga. Hili halinisumbui sana, michango mingi ni ya watu binafsi, mtu anajinunulia mwaka wake kati ya hiyo 639 anawekewa kibao cha chuma ukutani.

Hoja nzito ni nyingine. Baada ya masista, jengo lile lilikuwa ghala, likawa kiwanda cha pombe kali, likawa banda la nguruwe, karibu miaka 190 ya watu wa jasho. Wao kwenye ile sauti wako wapi? Cage hakuandika kwa ajili yao, wala kwa ajili ya masista, hakuwa na habari na kanisa hilo. Hapa watetezi wenzangu huwa wanaruka na sio sawa. Mi nachojibu ni kwamba jengo halikurembwa kuficha historia hiyo, kuta ni mawe matupu, mabenchi hamna, na ndani ya utupu huo noti inazunguka kila kona hata ile walipolala nguruwe, na isingekuwa kinanda sijui nani angehangaika na paa lile leo. Maana ukikubali kazi ya mpaka 2640 umekubali na ukarabati, kila kizazi lazima kitafute fundi, umeme na hela.

Ila jibu hilo halitoshi. Vibao vya wachangiaji vipo ukutani, basi kiwekwe na kimoja cha waliopika pombe na kulisha mifugo mle ndani, hata kama majina yao yameshapotea, kiandikwe kazi waliyofanya.